Kazi ya Mkono na Haki ya Mtoto Mdogo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa yetu ya baada ya swala ya Isha tuliletewa suali na dada mmoja wa hapa mjini, aliloliandika kwa mkono wake kwenye karatasi akampa mtoto wa jirani ailete msikitini. Asema kwamba ana watoto wawili, mmoja wa miaka 3 na mmoja wa miezi 8, na mumewe huendesha tuktuk ya mtu: siku hupata, na siku hurudi na pesa za mafuta peke yake. Yeye dada hufanya kazi nyumbani kwa kompyuta. Husikiliza maneno ya watu wa ng'ambo yaliyorikodiwa, akayaandika, na hulipwa kwa hesabu ya dakika alizoziandika. Hana tajiri mmoja wala hana likizo, na siku asiyofanya kazi hapati kitu. Akishika kazi, watoto humlilia. Akishika watoto, kazi huchukuliwa na mwengine. Mama mkwe wake humwambia kuwa amewatupa watoto. Mumewe humwambia aiache kazi, na huku kodi ya nyumba mumewe hawezi kuitimiza peke yake. Auliza: je, ana dhambi? Na chini kabisa ya karatasi aliongeza kwamba amechoka na hajui amwambie nani.

Karatasi ile ilipokwisha kusomwa tulinyamaza. Tungeweza kumjibu kwa mistari mitatu tukaendelea na kitabu chetu, walakini tulipotazamana tuliona kwamba kila mmoja wetu ana mtu wa namna hii ndani ya nyumba yake. Kuna mke apikaye mahamri na mbaazi akauza mlangoni, dada apakaye hina maharusi, binti ashonaye mabuibui, na kijana wa kiume achoraye matangazo ya maduka kwa kompyuta na mwanawe amelala pajani. Hawa wote ni watu wasio na tajiri, na wote wana watoto wadogo. Kwa hivyo tumeona bora jibu letu liandikwe hapa, lisomwe na wengi.

Wako wasemao kwamba jambo hili ni geni, limeletwa na intaneti na tamaa za zama hizi. Sisi hatusadiki hayo. Bibi zetu wa Lamu na wa Mombasa walikuwa wakishona kofia za mkono majumbani mwao, wakizitoboa vitobo na kuvizungushia uzi kimoja kimoja, na kofia moja nzuri yaweza kumchukua mshonaji mwezi au zaidi. Wengine walisuka mikeka, wengine walishona makuti. Walilipwa kwa kila kofia na kwa kila mkeka, si kwa mwezi, na aliyeugua hakulipwa. Basi kazi ya kulipwa kwa kipande, ifanywayo ndani ya nyumba penye watoto, ni kazi ya kale ya pwani hii, na wengi wetu tuliosomeshwa chuoni tulisomeshwa kwa pesa za sindano ile.

Kilichobadilika ni kitu chengine. Kofia ilikuwa ikimngoja mama. Mtoto alipolia, kofia iliwekwa chini, mtoto akanyonyeshwa, akalala, kisha kofia ikachukuliwa tena palepale ilipoachwa. Kazi ya leo haingoji. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zililetwa nchi kavu hapa hapa Mombasa, na tangu hapo mtu aliye chumbani kwake Kisauni aweza kumfanyia kazi mtu aliye New York. Hilo ni jambo la kheri, na riziki nyingi zimepita humo. Lakini saa 3 asubuhi ya New York ni saa 10 alasiri huku kwetu, na wakati wao wa baridi ni saa 11. Mteja akikaa kazini kwake mpaka jioni, mama wa huku huwa macho mpaka saa 6 au saa 7 za usiku, na alfajiri mtoto amekwisha kuamka. Kazi huja wakati wa Maghribi, wakati ambao mtoto ataka kuogeshwa na kulishwa na kulazwa.

Na nyumba nayo si ile ya zamani. Katika nyumba za Mji wa Kale kulikuwa na bibi, na shangazi, na binti wa ami, na mlango wa jirani ulio wazi. Mtoto alipita mikono kumi kwa siku moja, na mama hakujua hata nani aliyemlisha. Leo mama huyu amekodi vyumba viwili ghorofa ya tatu, na jirani yake hamjui jina. Tunapomlaumu kwamba hawezi yale aliyoyaweza bibi yake, twasahau kuwa bibi yake hakuyaweza peke yake.

Sasa na tuitazame sheria. Aya iliyo wazi kuliko zote katika mlango huu ni aya ya 233 ya Sura Al-Baqara. Mwenyezi Mungu amebainisha humo kwamba mama hunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na kwamba chakula chao na mavazi yao ni juu ya baba, kwa kadiri ya ada njema. Kwamba nafsi haikalifishwi ila kwa uwezo wake. Na kwamba mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake, wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Kisha ikaruhusiwa kumwachisha mtoto ziwa kabla ya muda huo, ikiwa wazazi wote wawili wameridhiana na wameshauriana.

Ndugu msomaji, tua kidogo juu ya neno hili la kushauriana. Jambo lenyewe ni ziwa la mtoto, jambo la mama mwilini mwake, na juu ya hivyo Mwenyezi Mungu hakuliacha kwa amri ya mume peke yake wala kwa uamuzi wa mke peke yake, bali amelifanya jambo la shauri baina yao. Ikiwa kuachisha ziwa kwataka mashauriano, vipi saa za kazi zisitake? Vipi mume aseme kwa neno moja tu, acha, kisha atoke aende zake? Shauri ni watu wawili kukaa kitako wakahesabu: kodi ni kiasi gani, chakula ni kiasi gani, wewe waleta nini na mimi naleta nini, na mtoto atakuwa kwa nani saa hizi na saa zile. Twasikitika kusema kwamba katika nyumba nyingi za mji huu hesabu hiyo haijafanywa hata siku moja. Mambo huendeshwa kwa kununiana.

Na neno la kudhuriwa pia lina mengi ndani yake. Mama anayeambiwa alete nusu ya kodi, apike, afue, anyonyeshe, aandike mpaka usiku wa manane, kisha asikie kwamba amewatupa watoto, huyo amedhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na aya imekataza. Baba naye aliyekwisha kuzunguka juani tangu alfajiri akarudi mikono mitupu, kisha akatukanwa mbele ya wanawe, amedhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na aya hiyo hiyo imekataza.

Ama khabari ya riziki, hukumu yake haina shaka. Kuwalisha watoto na mama yao ni wajibu wa baba, hata kama mke ana mali nyingi kuliko yeye. Na alichokichuma mke kwa mkono wake ni chake. Sura An-Nisa, aya ya 32, imewapa wanaume fungu katika walichokichuma na wanawake fungu katika walichokichuma. Akitoa katika chumo lake kuwasaidia mume na watoto, ametoa sadaka. Zaynabu, mke wa Abdallah bin Mas'ud, aliuliza jambo hili hili kwa Mtume (S.A.W.), kama yafaa sadaka yake aitoe kwa mumewe na kwa mayatima waliokuwa chini ya ulezi wake, akajibiwa kwamba ana thawabu mbili, ya kuunga jamaa na ya sadaka. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Basi mume alaye mkate ulionunuliwa kwa dakika za usiku za mkewe ajue kuwa anakula sadaka yake, na mwenye kula sadaka hamkemei mtoaji.

Baadhi ya ndugu zetu hapa watataharuki, waseme: mwawafungulia wanawake mlango. Twawajibu kwamba mlango huu hatukuufungua sisi. Khale yake Jabir alikuwa katika eda akataka kutoka akavune tende zake, mtu mmoja akamkemea, Mtume (S.A.W.) akamruhusu aende akavune, kwani huenda akatoa sadaka au akafanya jambo la wema. Imepokewa na Muslim. Zaynabu binti Jahsh, mama wa Waumini, alikuwa mwanamke wa kazi za mkono, na alichokipata akikitoa kwa maskini. Hawa ndio kiigizo chetu, si desturi za juzi zilizovishwa kanzu ya dini.

Walakini tusiwe watu wa kuvuta aya upande mmoja. Mtoto naye ana haki, na haki yake haiwezi kusema. Mteja akicheleweshwa hupiga simu, mwenye nyumba akicheleweshwa hugonga mlango, mtoto akicheleweshwa hulia kidogo kisha akazoea. Huko kuzoea ndiko kutishako. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga, baba katika watu wa nyumba yake na mama katika nyumba na watoto. Na hatujui hadithi yoyote isemayo kwamba mchunga aliyekuwa na kazi nyingi hataulizwa.

Basi vipi mtu ataweza yote mawili? Sisi tumetafuta, na mfano tulioupata tumeupata ndani ya swala. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika swala na nia yake ni kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha, kwa kuwa alijua jinsi moyo wa mama yake unavyotaabika. Angalia alilolifanya. Swala hakuivunja, na mtoto hakumwacha alie mpaka amalize alilolinuia. Aliifupisha. Na siku nyengine aliswali huku amembeba Umama, binti wa binti yake Zaynabu: akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Ikiwa swala, nguzo ya dini, ilifupishwa kwa kilio cha mtoto na iliswaliwa na mtoto begani, ni kazi gani ya dunia hii isiyoweza kufupishwa? Na ikiwa swala haikuachwa, kwa nini mama huyu aambiwe hana njia ila kuiacha kazi? Kupunguza kuko baina ya kushika kote na kuacha kote, na hapo baina ndipo tunapotaka watu wapatazame.

Mwenye kulipwa kwa kipande hudhani hawezi kupunguza, kwa kuwa kila kazi aikataayo ni pesa zimepita. Na kweli zimepita. Lakini ajihesabie kwa mwezi asijihesabie kwa siku. Ajue kodi na chakula na ada vyataka kiasi gani, na mume ameleta kiasi gani, ajue upungufu uliobaki. Upungufu huo ndio kazi yake, na zaidi ya hapo ni khiyari. Wengi twawaona wamekwisha kuuziba upungufu tangu tarehe 20, lakini khofu huwaendesha mpaka tarehe 30, kwa kuwa hawakuhesabu. Tena mapatano na mteja yaandikwe, kazi hii na siku hii na malipo haya, kama tulivyoamrishwa kuandika madeni katika aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani. Kazi isiyoandikwa ndiyo iingiayo usiku bila ya kubisha hodi. Na asubuhi ina baraka yake, Mtume (S.A.W.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake. Saa moja na nusu baina ya swala ya Alfajiri na kuamka kwa mtoto ni bora kuliko saa tatu za usiku zenye kusinzia, kwa kazi ambazo mteja hakushurutisha saa yake.

Hapa tuingize jambo moja kwa upesi, kwani limo mjini na halisemwi. Wako vijana wetu, wake kwa waume, walipwao na wanafunzi wa ng'ambo wawaandikie insha zao za chuo kikuu, kisha mwanafunzi huweka jina lake akapewa cheti. Uingereza katika mwaka 2022 imetunga sheria ya kuiharamisha biashara hiyo katika vyuo vya Uingereza. Sisi hatukuhitaji kuingoja sheria hiyo, kwani mwenye kudanganya Mtume (S.A.W.) amejitenga naye. Kumwambia Mola kwamba nilifanya ghushi kwa ajili ya maziwa ya mtoto si udhuru, maana maziwa yenyewe ndiyo yaliyoharibiwa.

Turudi kwa mtoto. Siku hizi simu imefanywa yaya. Mama ana kazi ya kumaliza, mtoto apiga kelele, apewa simu, na nyumba ikawa kimya kama msikiti baada ya swala. Hatumlaumu mama kwa nusu saa ya kimya. Lakini Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa miongozo mwaka 2019, likashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku. Sisi tunao watoto wa miaka 2 wakaao saa nne. Na tuliokuwa darasani tulipoulizana kwa haki, tuliona kwamba aliyeikabidhi ile simu mara nyingi alikuwa baba, amerudi, amejinyoosha, hataki kusumbuliwa.

Maneno ya baba tumeyafikia, na hapa hatutayapitia juu juu. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akasema kwamba alikuwa katika utumishi wa watu wa nyumba yake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Mtu huyu alikuwa na umma mzima wa kuuongoza, na majeshi, na wajumbe wa makabila wakimngoja. Sisi tuna baraza na kahawa. Twatoka msikitini baada ya Isha, twakaa barazani mpaka saa 5 usiku tukizungumza siasa na mpira, na huku nyumbani mwanamke ana mtoto mkono mmoja na kazi mkono wa pili, kisha tukirudi twauliza kwa nini chai imepoa. Akra' bin Habis alijifakhari kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, naye aliambiwa kuwa asiyerehemu harehemiwi. Kumlea mtoto saa mbili kila usiku, ili mama yake aimalize kazi yake ya halali kisha alale, ndiyo rehema ya zama zetu, na haihitaji pesa.

Tena si baba wa tuktuk tu. Wako wanaume wengi wafanyao kazi zao nyumbani, na wao pia hulemewa. Mwanamume mmoja wa darasa yetu, fundi wa kutengeneza simu aliyeihamishia meza yake nyumbani, alituambia kwa haya kwamba yeye ndiye amlishaye mwanawe mchana kwa kuwa mkewe ni muuguzi, na kwamba watu humcheka. Tulimwambia asome hadithi ya Bibi Aisha kwa wanaomcheka.

Iko na habari ya mwezi wa uzazi. Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mwajiriwa wa kike miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili akizaa, na mwanamume wiki 2. Mwenye kazi isiyo na tajiri hapati hata siku moja. Wazee wetu walikuwa na sheria yao, nayo ni arubaini. Mzazi alirudi kwa mama yake siku 40, akandwa, akanywa uji wa pilipili manga, na hakuna aliyemtaka ashike hata ufagio. Leo tumebakisha jina la arubaini na sherehe yake, lakini mama wa siku ya kumi yuko juu ya cherehani kwa kuwa Idi yakaribia na nguo za watu hazijaisha. Mume aliyejua miezi tisa kwamba mtoto aja, na hakuweka akiba hata ya shilingi hamsini kwa siku kwa ajili ya siku 40 hizo, hana la kusema. Na jamaa nao wana fungu. Asmaa binti Abubakar alikuwa akibeba kokwa za tende juu ya kichwa chake kutoka shamba la mumewe Zubeir, mwendo wa thuluthi mbili za farsakh, na akimtumikia farasi wake, mpaka baba yake Abubakar alipompelekea mtumishi wa kumshika farasi. Akasema ilikuwa kana kwamba amepewa uhuru. Abubakar hakumpelekea bintiye waadhi, alimpelekea mkono. Mama mkwe wa dada yetu, ambaye twamheshimu kama mama yetu, twamwomba naye aupeleke mkono. Asubuhi tatu kwa wiki na mjukuu magotini zitampa thawabu kubwa kuliko maneno aliyoyasema.

Mwenye kupata mlezi wa kumlipa, na amlipe vizuri. Aya ya 6 ya Sura At-Talaq imeamrisha mama aliyeachwa apewe ujira wake akimnyonyesha mtoto. Basi malezi ni kazi yenye ujira mbele ya Mwenyezi Mungu, si kazi ya bure. Na tutahadhari na uovu mmoja uliozoeleka: kumleta binti mdogo kutoka mashamba, wa miaka 11 au 12, akamlea mtoto wetu kwa chakula na nguo kuukuu. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2007 imekataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na Katiba ya mwaka 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Lakini hata bila ya sheria, ni dini gani hii ya kumpumzisha mtoto wako juu ya mgongo wa mtoto wa mwenzio?

Sasa twataka kukiri jambo letu wenyewe. Mwaka jana darasa yetu ilimpa dada mmoja mshonaji, mjane mwenye watoto wadogo, kazi ya kushona kanzu 30 za wanafunzi wa chuo chetu. Alizishona usiku kwa usiku akazileta kwa siku aliyoahidi. Malipo yake tuliyachelewesha zaidi ya miezi miwili. Hatukumdhulumu kwa makusudi. Kila mmoja alidhani mwenzake amelipa. Na katika miezi hiyo hiyo tulisomeshana hadithi ya kumlipa mfanya kazi ujira wake kabla ya jasho lake kukauka, tukaieleza kwa marefu, tukaandika fawaidi zake, na mwenye jasho yuko mtaa wa pili. Hakuja kudai. Tulipokwenda kumwomba radhi alituambia tu kwamba mwezi wa kwanza alimwachisha mtoto maziwa ya kununua. Hatukuwa na jawabu. Tunaliandika hili kwa kuwa Waislamu wengi wa mji huu, wenye maduka na wenye misikiti, ni wadeni wa mafundi na wapishi na waandishi waliokwisha kuwafanyia kazi, nao hulala usingizi. Anayetaka kujua kwa nini mama fulani hakai na wanawe, kwanza atazame kama yeye mwenyewe hana deni lake.

Ama dada yetu mwenye karatasi, jibu letu ni kwamba hana dhambi kwa kazi yake ya halali, maadamu watoto wamelishwa na wako mahali pa salama, na swala haikupotea. Kuchoka kwake si udhaifu wa imani. Salman alipomwona ndugu yake Abu Dardai ameidhulumu nafsi yake kwa ibada, alimwambia kwamba Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume (S.A.W.) aliposikia akamsadikisha Salman. Ikiwa nafsi ina haki juu ya mfungaji na mwenye kuswali usiku, yashindaje juu ya mwenye kuandika dakika za watu? Alale. Apunguze kazi za usiku kwa kadiri ya ile hesabu tuliyoitaja, na hesabu hiyo aifanye na mumewe.

Mumewe tulikwenda kumwona, wazee wawili wa darasa, tukamsomea aya ya 233 mpaka mwisho wake. Ni kijana mwema, alisikiliza, akasema hakujua kwamba baba pia ametajwa humo kuwa asidhuriwe. Sasa hurejesha tuktuk saa 1 usiku badala ya saa 4, siku tatu kwa wiki, na siku hizo watoto huwa kwake mpaka walale. Pesa zimepungua kidogo, hilo hatulifichi.

Nasi tumeiondoa darasa ya wanawake kutoka baada ya Maghribi, saa ambayo hakuna mama aiwezayo, tukaiweka Jumamosi saa 4 asubuhi. Chumba cha chuo kilicho upande wa uani kitafunguliwa kwa watoto wadogo, na vijana wawili wa kiume wa darasa yetu wamekubali kuwashika. Mikeka ipo. Panatakiwa maji ya kunywa na mtu wa kuleta vikombe.

Wa billahi tawfiqi.